Sauti ya Gitl Kwenye Nta

Jumatatu, 1 Novemba 1909

Bahati imenikumbuka! Bwana Hollender, mchapishaji wa nyimbo wa Mtaa wa Ishirini na Nane, anatafuta wimbo wa mama anayembembeleza mwanawe. Mwimbaji wake ataurekodi wiki ijayo. Nyimbo zangu mimi ni za mapenzi na za treni. Moja ni ya mapenzi ndani ya treni. Hakuna aliyewahi kuzirekodi. Wivu mtupu.

Ndipo nikakumbuka silinda ya nta iliyo kabatini. Marehemu mke wangu, Gitl, aliimba wimbo wake mbele ya pembe ya mashine yetu ya kunasa na kupiga sauti, alipokuwa bado na pumzi. Ndiyo sauti yake pekee iliyobaki duniani. Wimbo aliutunga yeye, akipiga pasi. Lakini mashine niliizungusha mimi. Kwa hiyo ni wimbo wetu sote wawili.

Tatizo ni Perl, binti yetu, anayeshona kofia. Tangu mama yake afe hajasikia muziki wowote. Ndivyo tulivyo Wayahudi: aliyefiwa na mzazi hukaa mbali na muziki mwaka mzima. Mume aliyefiwa na mke, mwezi tu. Jumapili mwaka unatimia. Jioni tutawasha mshumaa wa kumbukumbu na Perl atamsikia mama yake. Anaingoja siku hiyo kama wenzake wanavyongoja harusi. Leo kanionya tena: “Baba, usiiguse ile silinda. Nta yake laini.” Nimemwahidi. Kuigusa! Nani kasema kuigusa? Nitaipiga tu.

Jumanne, 2 Novemba

Nimebeba mashine ndani ya blanketi hadi kwa Hollender. Kila chumba kina mtu anayepondaponda piano. Hollender alikuwa anakula samaki wa chumvi na kitunguu. Nikampigia. “Sisikii kitu, bwana we, rudia.” Nikarudia. Akaomba mkate. Nikarudia. Hapo akaacha kutafuna! Akauliza mwanamke huyu ni nani. Nikasema ni msanii mkubwa wa Vienna. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Gitl hakuwahi hata kuimba mbele ya majirani.

Mwimbaji mwenyewe atakuja kusikiliza Alhamisi. Ushindi!

Mlangoni nikamkuta Cornelius Tuohy, yule Mwairishi. Zamani tulitunga pamoja. Siku hizi nyimbo zake zinatoka kwenye kila dirisha lenye santuri, na mimi nafunga madirisha yangu. Alikuwa amesimama nje anasikiliza, macho yamelowa. Macho ya mwizi!

Jumatano, 3 Novemba

Tuohy ataiba wimbo. Dawa yake ni mashahidi. Kwa hiyo nimeipeleka mashine mkahawani kwa Bi Zlata, saa ya chakula cha mchana, nikaipiga mbele ya watu wote. Waliokaa nyuma wakalalamika. Nikarudia. Wa mbele wakataka tena. Muuza vifungo mmoja alilia machozi yakadondokea kwenye supu ya kabichi. “Mwacheni huyo mama aimbe!” akawafokea waliokuwa wanagonganisha vijiko. Nilijiona mfalme.

Kisha Tuohy akaingia. Akasikiliza kidogo, akaziba pembe kwa kiganja chake. “Anshel, acha, ndugu yangu,” akasema. “Kila ukiipiga, sindano inamchimba mkeo. Jana nilimsikia vizuri, leo si yule.” Akasema niandike noti za wimbo kwenye karatasi, yeye atampigia Hollender kwa piano, na wimbo utoke kwa jina la Gitl.

Kwa jina la Gitl! Ujanja gani huo? Nikamwambia akakae na masanturi yake. Na noti kwenye karatasi ni kitu gani? Karatasi haijawahi kumliza muuza vifungo. Tuohy kaondoka bila kula. Supu yake nimeinywa mimi.

Alhamisi, 4 Novemba

Mwimbaji anaitwa Bi Lavinia Crewe. Kofia yake ina manyoya ya ndege mzima. Nikaweka silinda. Kwanza mkwaruzo. Kisha Gitl, kwa mbali, kama yuko chumba cha pili. Niliporudia, alikuwa ng’ambo ya barabara. Nikaongeza kasi. Nikamsogezea bibi pembe hadi sikioni, manyoya yakanasa humo. “Nasikia mtu anakaanga viazi,” akasema. “Huyo mwanamke yuko wapi?”

Nikajitolea kuimba mwenyewe. Nikaimba. Hollender kanifungulia mlango kwa mkono wake. Heshima kubwa, maana kwa kawaida hainuki kitini.

 Nilikaa kwenye ngazi na mashine mapajani. Niliogopa, nasema kweli. Nilimwita Gitl kwa jina lake, kama mwendawazimu. Kisha nikapata jibu: nta imepigwa na baridi! Basi.

Ijumaa, 5 Novemba

Kabla Sabato haijaingia nimeiweka silinda karibu na jiko ipate joto. Joto imepata. Upande mmoja umelegea kidogo. Nimeirudisha kabatini, upande huo ukielekea ukutani.

Perl ametoa gauni la mama yake na kulipunguza kiunoni. Atalivaa Jumapili. Nimelisifu sana. Nimekula kidogo.

Jumapili, 7 Novemba

Mshumaa umewashwa. Perl kakaa mbele ya pembe, gauni limemkaa kama lilivyomkaa mama yake. Nikazungusha. Mkwaruzo. Sindano ikawa inaruka pale palipolegea. Perl akasogea mpaka sikio likaingia ndani ya pembe. Mara moja tu, chini ya kelele zote, pumzi. Basi.

“Yuko wapi?” akauliza. Nikamwambia yumo, sikiliza. Akauliza nimeipiga mara ngapi. Nikasema chache. Afadhali angenitukana. “Baba, nimekaa mwaka mzima,” akasema. Hilo tu.

Nililia. Nilimwambia mimi ni mpumbavu, anisamehe.  Perl alitazama mshumaa, kisha akaanza kuimba wimbo ule mwenyewe, polepole, maneno yote. Gitl! Gitl mtupu! Hata pale alipokuwa akikatisha pumzi kabla ya neno la mwisho. Nikashika meza. Nikaapa moyoni kwamba sitafanya ujinga tena maisha yangu yote.

Jumatatu, 8 Novemba

Alfajiri nimeikwangua silinda kwa kisu kidogo cha mashine, kile cha kufuta sauti ya zamani ili inaswe nyingine. Nta imekuwa laini kama mpya. Perl alipoamka nikamwomba aimbe mara moja mbele ya pembe kabla ya kwenda kazini. Nikamwambia ni kwa ajili yangu, nikizeeka. Akaona vumbi la nta mezani. Akalikusanya kwa kiganja, taratibu, asiache hata chembe, akalitia kwenye leso yake. Kisha akaimba. Akaniomba kitu kimoja: silinda isitoke nje ya nyumba hii. Nimekula kiapo kwa jina la mama yake.

Imetoka safi ajabu! Nta haijawahi kushika sauti namna hii.

Hollender anafungua ofisi saa nne. Mashine tayari iko kwenye blanketi. Nitampigia mara moja tu. Mara mbili, akiwa anakula.