Breki Zangu na Jezi ya Manjano

Jumatatu, 3 Machi
Fundi baiskeli kaikagua baiskeli yangu, katikisa kichwa kama daktari. Raba za breki zimekwisha, waya umebaki uzi. Nisipande mpaka abadilishe. Wanapenda kututisha hawa! Mke wangu kanipa pesa ya breki na onyo juu yake.

Jumatano, 5 Machi
Nimenunua jezi. Ya manjano, mistari myeusi. Sikuwa na jinsi! Jumamosi iliyopita jirani yangu Mfamasia alikuja kwenye msafara wetu wa baiskeli na jezi mpya, kikundi kizima kikamwambia kapendeza. Mimi wakaniuliza kama natoka kazini. Breki nani anaziona?
Mke kauliza breki zikoje. Nimemwambia hazijawahi kuwa hivi. Si uongo.

Ijumaa, 7 Machi
Nimejaribu breki kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba. Nimesimamishwa na shuka za mama mkwe zilizoanikwa. Kaniuliza kama nina akili timamu.
Nimepata mpango. Kesho nitajitolea kubaki nyuma kabisa, niwasindikize wanaochoka. Mwendo wa konokono, breki za nini?

Jumamosi, 8 Machi
Mwenyekiti wetu, mkunga mwenye sauti ya kufika mtaa wa pili, kanisifu mbele ya watu. Mfamasia kanuna. Raha iliyoje! Upepo mwanana, kengele zinalia, watu wanaimba. Kuendesha pamoja ni starehe, asikwambie mtu.
Kisha kilima. Sikuambiwa kuna kilima!
Kupanda, nilikuwa wa mwisho kwa heshima zangu. Kushuka, nikabana breki. Wapi! Nikampita Mwenyekiti. Akaniita, sikuwa na nafasi ya kuitika. Nikampita Mfamasia nikipiga kelele, “Mama yangu wee!” Akadhani namkoga, akakanyaga pedeli kunifukuza. Yeye akaishia mtaroni, mimi kwenye rundo la samadi. Yeye goti limechubuka. Mimi mzima, ila jezi haina tena rangi ya kutajika.
Mwenyekiti kauliza, mbele ya wote, breki zangu ziko wapi. Nimejikuta natazama kifua changu.

Jumapili, 9 Machi
Mke kapigiwa simu na Mwenyekiti. Hasemi neno. Mama mkwe anasema kwa niaba yake, tangu chai ya asubuhi.
Nimekimbilia kwa Mfamasia kuomba radhi. Nilitegemea matusi. Kacheka mpaka kashika goti! Kasema hajashuka kwa kasi ile tangu utotoni. Kisha kaingia ndani, katoka na breki za baiskeli yake ya zamani, nzima kabisa, kanipa. Machozi yamenilenga. Nimeapa kubadilika.

Jumanne, 11 Machi
Breki za Mfamasia ni bora mno. Fundi kataka kuzifunga papo hapo. Nimemwambia asubiri kidogo, kwa sababu mwenye duka la jirani ana miwani ya upepo, vioo vya buluu, na yuko tayari tubadilishane.
Mtu akiona mbali vizuri, kusimama ghafla kwa nini? Tena Jumamosi hii hakuna kilima. Nimeuliza. Kuna daraja tu.