Kiti cha Mtu Mzima

Kuanzia Jumatatu hiyo, Idara ilitangaza, utu uzima usingekuwa tena suala la mvi. Ungepimwa. Mtumishi atakayeshindwa angepangiwa mlezi wa kumshika mkono, na sahihi yake isingetambuliwa hata kwenye kuagiza sabuni.

Mpango ulikuwa wa Mkurugenzi. Utaalamu ulikuwa wa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyesomea saikolojia. Alitueleza kwamba ndani ya kila mtu mna mtoto anayenuna, mzazi anayegomba, na mtu mzima timamu wa kuwatuliza wote wawili. Kila mmoja apewe kiti chake, na anayepimwa ahamehame. Mtoto alipewa kigoda, mzazi kiti cha plastiki. Kwa mtu mzima, Mkurugenzi alitoa kiti chake mwenyewe, cha ngozi, chenye magurudumu, maana mtu mzima mwingine angemtoa wapi?

Mhasibu alilia kigodani, akafaulu. Dereva alijigombeza mpaka akacheka, akafaulu. Tulifaulu hata sisi tunaonuniana kwa sababu ya kijiko cha sukari. Ikabaki zamu ya Mkurugenzi, na Katibu Mkuu akaja kushuhudia.

Mkurugenzi alianzia kwenye ngozi. Aliongea vizuri, haki ya nani.

"Sasa hamia kigodani, shemeji," mdogo wa mkewe akamwambia.

"Nitahamia. Kwanza tuunde kamati ndogo."

"Ni hatua mbili tu."

"Hatua mbili bila upembuzi yakinifu?"

Jasho lilimtoka. Akishindwa angepangiwa mlezi, na mlezi aliyekuwa na nafasi ni mhasibu.

"Unahisi nini?" shemeji akauliza.

Akasema taratibu, "Naogopa. Nikiinuka, atakaa mtu."

Akainuka hivyo hivyo na woga wake, akaketi kigodani, magoti yakikaribia kidevu. Wala hakufa.

"Umefaulu, shemeji."

Tukapiga makofi, na safari hii bila kuagizwa. Mkurugenzi akageuka kukirudia kiti chake. Katibu Mkuu alikuwa amekikalia, akijizungusha polepole.

"Mkuu, karibu kigodani," shemeji akamwambia.

"Mimi ni mwangalizi tu," alisema, akikamata mikono ya kiti.

Tulimsubiri mpaka saa ya kufunga ofisi. Kanuni ni kanuni: akapangiwa mlezi. Tukamsukuma hadi kwenye gari, kiti na yeye, Mkurugenzi akimshika mkono na kumwambia asiogope.

Sabuni hatujapata mpaka leo. Anayeidhinisha ni Katibu Mkuu.