Mimi, Bi Tofali na Jengo Kipofu

Jumatatu, 3 Machi

Wiki hii nashinda. Lazima! Kundi letu la wapenda majengo mtandaoni limeanza tena mchezo wa Jengo Kipofu. Kila mtu anachora kipande kimoja cha nyumba, kisha anamtumia mwenzake ukingo wa chini tu, ukanda mwembamba kama utepe. Mwenzake anaendeleza bila kujua kilichoko juu. Jumapili Kiongozi, mhandisi mstaafu mwenye majivuno yasiyostaafu, anaviunganisha vipande na jengo linaonekana zima. Watu wanapiga kura kwa vidole gumba. Mimi sijawahi kupata kidole zaidi ya changu.

Safari hii nina mpango. Nitachora nyumba ya marehemu mama, upande wa nyuma, mlango wa jikoni. Ikishinda nitaichapisha kwa ukubwa wa ukuta hapa dukani. (Kazi yangu ni kuchapisha ramani za wasanifu. Mtihani wa usanifu nilifeli mwenyewe, tusiyazungumze.) Nitampelekea dada. Yeye ndiye aliyeachiwa nyumba, na tangu tumzike mama anasema paa limeoza, bora iuzwe. Nilimwambia akiiuza asinihesabu tena ndugu yake. Tangu siku hiyo sipokei simu zake. Akiona watu baki wanaililia nyumba ile, ataona haya, hatauza. Kuongea naye ndiyo njia fupi, najua. Lakini mimi si mtu wa kubembeleza.

Jumanne, 4 Machi

Nimemzaa Bi Tofali! Akaunti ya pili, picha ya ua jekundu, mjane mpole mpenda matofali. Kazi yake ni moja tu, kunipigia kura. Kiongozi kamkaribisha kwa maneno matamu ambayo mimi, mwanachama mkongwe, sijapata kuyasikia.

Nimechora mlango. Rangi ya kijani iliyobambuka pale mama alipokuwa akiegemea bega akichambua mboga. Komeo lililopinda. Nilichora mpaka machozi yakanitoka. Bosi akaingia, akauliza kama nimefiwa tena. Nikasema ni wino wa mashine. Akasema wino wa mashine haujawahi kumtoa mtu kamasi.

Dada kapiga. Nimeiacha simu iite mpaka ikachoka yenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Bi Tofali kaandika sentensi moja, kwamba tofali moja halijengi ukuta. Kundi zima likamshangilia! Jana mimi niliandika aya ndefu kuhusu mihimili, hakuna aliyejibu hata kwa kukohoa. Leo asubuhi Kiongozi kamtumia salamu zenye maua. Bi Tofali akamjibu kwamba nyumba isiyo na mihimili ni kofia tu, wakabishana kidogo, Kiongozi akazidi kulainika. Namwonea wivu mwanamke ambaye ni mimi.

Ukingo wangu umeangukia kwa mgeni anayejiita Kizingiti. Kajiunga juzi, hajui hata kugeuza picha isilale kiubavu. Kaniandikia faraghani kuniuliza naendeleaje, na kama nakula vizuri. Eti nakula vizuri! Mtu wa namna hii anatafuta nini kama si siri za uchoraji wangu? Nimemjibu kwamba hapa tunazungumza majengo, si matumbo. Akasema sawa.

Jumapili, 9 Machi

Lo! Lo! Sijui nianzie wapi.

Jengo limeunganishwa. Juu kuna kuba la mtu fulani, katikati mlango wangu wa kijani, na chini yake kipande cha Kizingiti. Ngazi za jikoni. Ile ya mwisho ni ya duara, na ubavuni ina alama za tairi. Ngazi yetu! Baba aliimimina saruji ndani ya tairi kuukuu kwa sababu mbao zilimwishia, na mama akamcheka miaka yote ya ndoa yao. Juu yake pameinamishwa beseni likauke, vilevile mama alivyokuwa akiliacha. Nililia kwa sauti, jirani akagonga ukuta. Nilitamani niingie ndani ya simu nikae pale kwenye ngazi, nisitoke.

Halafu nikaona kura. Vidole vyote kwa Kizingiti! Kwangu viwili, changu na cha Bi Tofali. Machozi yakakauka papo hapo na akili ikanirudia. Ukingo niliomtumia ulionyesha miguu ya mlango tu. Amejuaje yaliyoko chini? Kachungulia! Mwaka jana niliwahi kuweka picha ya nyumba ile kundini, bila shaka huko ndiko alikoiba. Bi Tofali kaandika, kwa masikitiko makubwa, kwamba mchezo wetu umeingiliwa na mdanganyifu.

Jumatatu, 10 Machi

Kiongozi hamnyimi Bi Tofali kitu. Kizingiti kafukuzwa! Aliambiwa ajitetee, hakujitetea. Kaandika tu kwamba tukae salama, akatoka. Angalau angetukana, ningepata raha.

Basi mshindi ni mimi. Kiongozi kanipongeza kwa neno moja, lakini Bi Tofali kapongezwa naye kwa aya nzima kwa kulinda heshima ya kundi. Nimechapisha jengo, karatasi imenipita kimo. Kipande cha ngazi nimekikata kwa mkasi, ni cha mwizi. Sasa mlango unaning'inia hewani, mtu akitoka jikoni anavunjika shingo. Nimeutazama na roho haikutulia. Bosi kauliza kwa nini mshindi amenuna. Nimemwambia furaha yangu ndivyo inavyokaa.

Jumamosi, 15 Machi



Shangazi alikuja dukani. Hakunisalimu. Akaniuliza kama nina damu mwilini au maji, nyumba ya mama inabomolewa na mimi nimesimama nakunja makaratasi. Nikabeba bango langu nikakimbia. Mbio za sakafuni! Nilikuta paa liko chini. Mlango wa kijani umeegemezwa kwenye lori. Ngazi ya tairi imekuwa kokoto.

Dada alikuwa amekaa juu ya ndoo, kashika tama. Nikamkunjulia bango. Akaliangalia juu mpaka chini, kisha akaniuliza ngazi yake iko wapi.

Yake!

Akasema alijiunga na kundi kwa sababu sipokei simu. Binti yake ndiye aliyemfundisha kuchora kwa kidole. Mnunuzi alikuwa anamsukuma, na yeye hakutaka kuamua peke yake. Alitaka kuniuliza kama nitarudi nikae vyumba vya nyuma, tulishughulikie paa pamoja, nyumba isiuzwe. Alipopata ule ukingo akaujua mlango wetu kwa ile rangi ya kijani, akachora ngazi, akaamini nikiiona tu nitajua ni nani. Nikamwambia nilidhani kaiba kwenye picha. Akauliza picha ipi, maana niliyoweka ni ya mbele, na nyuma ya nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kupapiga picha.

Akasema Bi Tofali naye alimjua mapema kuwa ni mimi, hakuna mjane mwingine duniani anayegombana na watu kuhusu mihimili. Akacheka kidogo. Kisha akalia, nami nikalia, na vijana wa nyundo wakasimama wakitungoja, halafu wakaendelea. Alisaini mkataba wa kuuza siku ile aliyofukuzwa kundini. Alisema aliona hana tena wa kusema naye. Hakunitukana. Aliniomba jambo moja tu, kwamba akipiga simu nipokee.

Jumanne, 18 Machi

Sijabadilisha nguo tangu Jumamosi. Nakula mkate mkavu. Nikifumba macho naona beseni. Nyumba haipo, na aliyeibomoa ni mimi, wale vijana walishika nyundo tu. Nimemwumiza dada yangu, mtoto wa mama yangu, mtu pekee aliyebaki anayejua kwa nini ngazi ile ilikuwa ya duara. Lazima nimwombe radhi. Hilo halina mjadala.

Kwa hiyo nina mpango.

Dada ameanzisha kundi lake dogo, watu wanachora kwa pamoja nyumba walizokulia. Leo nimejiunga kama Mzee Kigae, fundi wa vigae mstaafu, mtaratibu, mcha Mungu. Mihimili hataigusa kabisa. Mzee Kigae atasifu michoro yake. Atamzoea. Baada ya miezi kadhaa atamgusia, kwa hekima, kwamba damu ni nzito kuliko maji, amsamehe yule mdogo wake. Haina dosari! Tayari dada kamkaribisha vizuri sana, kamuuliza kama ana watu wa kumtazama uzeeni.

Simu inaita. Ni dada. Nikipokea sasa hivi nitaharibu kila kitu.