Majoho Thelathini na Viwiko Vyangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeipata! Majoho thelathini ya kwaya ya wanaume, ya mashindano ya mwezi ujao. Mkasi, fundi wa chumba cha pili, alishaanza kuwapima waimbaji mabega, lakini mwalimu wa kwaya akaja kwangu. Nimepita mbele ya mlango wa Mkasi mara nne nikipiga mluzi.

Tatizo moja tu. Majoho ni meusi tii, na mimi napukutika. Kichwani na viwikoni nina mabaka mekundu yenye magamba meupe, mwaka wa tatu sasa. Nikiinama juu ya kitambaa cheusi, utadhani nimekitilia unga. Kazi hii ikiniponyoka, jina langu kwenye jengo hili limekwisha.

Jumatano, 5 Machi

Mkasi kaingia kuazima pasi. Macho yakatua kwenye joho la kwanza. Kauliza hicho cheupe ni nini. Nikamwambia chaki. Kauliza tangu lini fundi akachora chaki juu ya kola iliyokwisha kushonwa. Nikamwambia ndiyo ufundi wa kisasa, hawezi kuujua.

Kufika mchana, jengo zima linasema nina ugonjwa wa kuambukiza. Mteja wangu wa miaka saba kaitupa suruali yake kizingitini, kasimama mbali kama nafuga mbwa mkali. Imeniuma.

Lakini mimi si mtu wa kukaa na kulia. Nina mpango.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Nimemfuata mwalimu wa kwaya hadi mazoezini. Nimemweleza kwamba rangi nyeusi humeza sauti, hasa sauti nzito, na kwamba waamuzi wa siku hizi hawaitaki kabisa. Nimetunga papo hapo, maneno yalikuwa yanakuja yenyewe. Kanitazama kichwani kwa muda mrefu. Halafu kasema sawa, tushone meupe.

Wanaume thelathini wamebadilishwa rangi kwa ajili ya viwiko vyangu, na hakuna anayejua! Nimelala usingizi wa mfalme.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa. Kitambaa cheupe hakionyeshi magamba. Kinaonyesha damu! Nikijikuna, mabaka yanatoa vitone, na nani awashwe vile asijikune? Joho la tatu limepata kitone mkononi. Nikatarizi ua jekundu juu yake. Joho la nne, maua mawili. La tano ni bustani.

Mke wangu kaingia, kaliinua joho la tano, kaligeuza mbele na nyuma.

“Baba watoto, hawa ni wanaume au mabibi harusi?”

Nikamwambia ni ubunifu. Kasema mficha maradhi, halafu nimalizie mwenyewe. Jumatatu tunakwenda kliniki ya ngozi, na hilo si ombi.

Jumatatu, 10 Machi

Daktari ni binti wa umri wa mwanangu wa kwanza. Kaangalia viwiko, kichwa, hadi kucha. Kasema inaitwa soriasisi. Si uchafu wala si kurogwa. Kinga ya mwili imekosea hesabu na inaiharakisha ngozi, hivyo ngozi ya kuchukua mwezi inakamilika kwa siku chache, mpya inaisukuma ya zamani, ndiyo magamba hayo. Mke wangu kasema basi ndiyo kazi pekee ya fundi huyu inayomalizika kabla ya siku. Wamecheka wote wawili. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Kanipa marhamu. Nipake kila siku, nisijikune, nipunguze mawazo. Kasema mengine pia.

“Mzee, hii ni ya kudumu. Hata ngozi ikitakata, usiache dawa bila kuniona.”

Mimi nimeshika neno moja: haiambukizi! Nimemwomba aliandike kwenye karatasi na kugonga muhuri. Karatasi hiyo sasa imebandikwa. Kwenye mlango wa Mkasi.

Jumamosi, 5 Aprili

Siku ya siku! Karibu wiki nne za marhamu, mke wangu akinisimamia kama mlinzi wa benki. Mabaka yamefifia. Majoho yote tayari, kila moja na ua jekundu mkononi, ili yale ya kwanza yasijione yatima.

Mwalimu wa kwaya alipokuja kuyachukua, Mkasi naye akajisogeza. Kamshauri ayachemshe kwanza kabla mtu hajayavaa. Mwalimu alikunja mkono wa shati, taratibu, mpaka juu ya kiwiko. Mabaka! Yale yale!

“Ninayo tangu nina miaka kumi na tisa,” kasema. “Fundi aliponiomba rangi nyeupe, nilijua kwa nini. Nilishawahi kuomba hivyo mimi.”

Akavaa joho moja pale pale, juu ya nguo zake. Mkasi kakumbuka kaacha pasi motoni. Mimi machozi yakanitoka, wala sikuyasingizia kitu.

Kabla ya kuondoka kanieleza kwamba yeye hupaka dawa yake kila siku, hata ngozi ikiwa safi. Mtu mwema, lakini mwoga.

Jumatatu, 12 Mei

Nimepona! Kwaya imeshika nafasi ya kwanza, ua jekundu limesifiwa, na mawakili wameniletea kazi ya majoho ishirini. Meusi tii. Nimekubali bila kupepesa jicho.

Daktari alisema ya kudumu. Hakujua anaongea na nani. Marhamu nimeiacha wiki ya tatu sasa, iliyobaki nimepaka bawaba za mlango na hazilii tena. Nimemshauri mwalimu wa kwaya naye aache, nimfundishe kupona. Kacheka mpaka kakaa chini. Kasema atapita mwisho wa mwezi kunitazama.

Apite! Joho la kwanza la mawakili liko mezani hapa, nimelikung’uta mara tatu tangu nianze kuandika, na ukurasa huu nimeupuliza mara mbili. Jengo hili limekuwa na vumbi jeupe mno. Kesho namshitaki mfagiaji.