Wavu wa Kushikia Ngiri

Mdomo Asali alikuwa kwenye foleni ya hospitali, akisubiri dawa ya kikohozi, aliposikia daktari akilalamika kwamba wavu wa kushikia ngiri, ule unaoshonewa ndani ya tumbo, umeadimika, na wagonjwa wanarudi nyumbani wameshikilia matumbo. Jamaa akatoka kwenye foleni bila dawa. Wavu? Si kwake kuna chandarua kizima, tena hakijatoboka!

Wiki hiyo hiyo alirudi na tai shingoni na katoni ya pakiti safi. Kila pakiti ilikuwa na kipande cha chandarua, kazi ya mkasi wa mkewe, na lebo inayong'aa. Namba ya lebo haikumuumiza kichwa: aliandika tarehe ya kuzaliwa ya mama mkwe, ambayo mkewe alimkaririsha kwa vitisho. Sista wa stoo, mama mpole mwenye miwani, akauliza mawili matatu, akasaini. Asali aliondoka akimhurumia kwa ushamba wake.

Lakini kikohozi hakina habari na ujanja wa mtu. Alikohoa mwezi mzima, mpaka siku moja kinena kikavimba, akaanguka sebuleni. Mkewe akampakia kwenye teksi hadi hospitali ile ile. Alijaribu kukataa, maneno yakageuka kikohozi.

Alipozinduka, tumbo lilishashonwa. Pale huwa wanabandua lebo ya pakiti na kuibandika kwenye faili, ijulikane mgonjwa amewekewa nini. Asali akalivuta faili lake, akasoma namba. Mama mkwe alikuwa amehamia tumboni.

Hofu ilimshika kwelikweli. Alimuita sista, machozi yakimtoka.

"Sista, nitoeni hiki kitu. Ni chandarua. Nimekikata mwenyewe, na vingine vyote ni chandarua."

Sista akavuta pazia la kitanda cha pili. Daktari alikuwa amekaa pale na askari, na askari alikuwa anaandika.

"Pakiti zako ziko kabatini tangu siku ile," sista alisema. "Moja ilikuja na kitanzi cha kutundikia. Lebo nimeibandika mimi, maana tungekuuliza ungesema na wewe umetapeliwa."

Asali akafungua mdomo aanze yale maneno yake matamu, kikohozi kikamtangulia. Akaushika mshono kwa mikono miwili, macho yamemtoka.

"Kohoa tu, baba," sista alimwambia. "Wavu wako ni wa kweli."