Nimeamkia Juu ya Machela

Jamani, leo ukweni sina uso. Niacheni niseme mwenyewe kabla hamjasikia kutoka kwa watu wa Kagoma, maana wao wataongeza chumvi, na kisa hiki chumvi kinayo ya kutosha.

Wanaonijua wanajua kazi yangu. Nahariri video za harusi, pale nyumbani, mtaa wa Bakoba, mjini Bukoba. Mchana ni kelele, umeme unakwenda na kurudi, watu wanabisha hodi. Usiku kumetulia. Kwa hiyo nakesha, halafu nalala mpaka mchana. Mke wangu Koku amesema mpaka amechoka. Jibu langu ni lile lile: usingizi ni usingizi tu, mwili hauna saa ya ukutani. (Nilikuwa najivunia sana maneno haya. Leo yamenirudia.)

Koku ni mjamzito, siku zake zimekaribia. Mama yake anataka akajifungulie kwao, Kagoma. Mimi nataka abaki na mimi Bukoba. Mama mkwe hakugombana na mtu. Aliuliza swali moja tu: "Uchungu ukimshika asubuhi, nani atamwamsha mwenzake?"

Basi jana tukaenda kumtoa wasiwasi. Mpango ulikuwa mdogo. Leo niamke mapema, ninawe uso, nikae uani na mama mkwe, nitafune punje za kahawa, desturi ya huku, kama mkwe mwenye adabu. Aone kwamba binti yake ana mume aliye macho. Hakuna mtihani mwepesi kama huo.

Nikafeli.

Sikilizeni, kitandani nilipanda mapema, haki ya Mungu. Mwili ukalala, macho yakagoma. Nikasema ngoja nimalizie kwenye simu kipande kimoja tu cha video. Nikachomeka zile spika ndogo za masikioni ili nisisumbue watu. (Ustaarabu umeniponza.) Usingizi ulinichukua majogoo wanawika.

Asubuhi Koku akanitikisa. Anakwenda sokoni Muleba.

"Amka, mama ameshakaa uani."

"Nimeamka," nikasema. Nikasokomeza simu mfukoni mwa bukta, nikageukia ukutani.

Sasa mwelewe jambo moja. Mama mkwe wangu ni wa kizazi kile ambacho hakiingii chumba cha mkwe. Hagongi mlango, hafunui pazia, hata jina langu halitaji. Akitaka kuniambia kitu, anakohoa.

Akakohoa. (Haya nimesimuliwa, mimi sikuwepo, nilikuwa nimelala.) Akakohoa tena. Akaangusha sufuria. Akafungulia redio mpaka mwisho. Akaja kuwasema kuku chini ya dirisha langu: "Nyie, jua hamlioni? Au mnaumwa?" Ndizi zikaisha kumenywa, zikaiva, mkwe hajatoka. Pale kijijini mlango ukifungwa mpaka saa hizo, mtu wa ndani ama ni mgonjwa ama ndiyo basi tena. Kwamba amelala tu, hakuna aliyefikiria.

Akamwita jirani, Ta Kaijage, mzee wa kanisa, aingie kwa niaba yake. Ta Kaijage akanikuta nimeachama, waya zinanitoka masikioni. Akanitikisa bega. Nikamjibu, tena kwa ukali:

"Mrudishe bwana harusi, hana kichwa!"

(Nilikuwa nahariri, ndotoni.)

"Anaweweseka," Ta Kaijage akatangaza mlangoni. "Ameshikilia mambo ya harusi."

"Waitu! Mkwe wangu!" mama mkwe akapiga kelele.

Watu wa Kagoma wana upendo, jamani. Mtu akizidiwa hawasubiri gari. Vijana waliacha majembe, machela ikaletwa, akina mama wakafika na uji na kanga, mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani. Nikanyanyuliwa, nikalazwa, nikafunikwa shuka la maua, safari ya zahanati ikaanza kupitia migombani.

Mnauliza niliwezaje kulala kwenye msukosuko ule? Asubuhi ndiyo usiku wangu wa manane! Tena nilikuwa naota vizuri. Niko kwenye harusi, nimebebwa juujuu, watu wananiimbia. Nikatabasamu.

"Anatabasamu!" mama mmoja akalia. "Ameshawaona malaika!"

Hapo kilio kikapanda, na hicho ndicho kilichoniamsha. Nikafungua jicho moja. Majani ya migomba yanapita juu yangu. Visogo vya wanaume mbele. Nikaelewa.

Mwanaume mwenye akili angesema, "Jamani, mimi mzima." Mimi nikafumba jicho. Nilipiga hesabu hivi: nifikishwe zahanati, nipone taratibu, nirudi na heshima yangu. Nikaongeza na mguno kidogo. (Huo mguno sijui niliutoa kwa sababu gani.)

Kumbe kuna kitu nimekisahau. Simu yangu ina kengele ya kila siku. Koku aliirekodi kwa sauti yake mwenyewe, siku moja amekasirika. Simu iko mfukoni mwa bukta, na zile waya zilichomoka wakati wananibeba. Basi katikati ya wimbo, chini ya shuka la maua, sauti ya mke wangu ikatoka kwa nguvu zote:

"Baba, amka! Saa sita mchana! Wenzako wanakula, wewe unakoroma!"

Wimbo ukakatika. Machela ikasimama.

Na kengele hiyo hurudia mpaka uizime. Ikarudia.

"Hiyo si sauti ya Koku?" kijana mmoja akauliza.

"Ni yake," mama mkwe akajibu polepole, huko nyuma. "Saa sita. Kumbe ndiyo kila siku."

Ikaanza mara ya tatu. Ningefanya nini? Nikatoa mkono chini ya shuka, mbele ya kijiji kizima, nikaizima.

Ta Kaijage akanifunua uso. Tukatazamana.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama."

Nilidhani watanimwaga pale pale mgombani. Nikageuza shingo, nikamwona mama mkwe amekaa chini katikati ya njia, kajifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Nikajua analia. Hapana, alikuwa anacheka. Amecheka mpaka wenzake wakamshika. Halafu akalia kweli.

"Mwambieni mkwe wangu," akamwambia Ta Kaijage, mimi nikiwa hatua mbili tu, "nilijua amekufa. Asinifanyie hivyo tena."

Hiyo iliniingia, ndugu zangu. Siku zote nilidhani anachunguza uvivu wangu. Kumbe mama wa watu alikuwa na hofu juu yangu.

Nikasema basi nishushwe, nitatembea. Wapi! "Machela haigeukii njiani," vijana wakasema. Nikapelekwa zahanati macho makavu, nawasalimia watu nikiwa chali.

"Anaumwa nini?" mganga akauliza.

"Usingizi!" wakajibu wote.

Akanipima presha hata hivyo. Akapima tena. Akaniuliza nalala saa ngapi na usiku nakunywa nini. Nikamweleza habari ya kahawa na soda, nikamalizia na maneno yangu yale ya saa ya ukutani. Hakucheka.

"Mwili una saa, bwana. Wewe ndiye huna. Presha hii si ya kijana. Punguza kukesha, urudi nikupime tena."

Koku alinikuta hapo kwenye benchi. Alikuwa amepigiwa simu kwamba mumewe amezidiwa, akaacha nyanya zake sokoni. Aliingia anahema, mkono tumboni, akanikuta nakunywa uji. Akanitazama, akawatazama waliobeba machela wanavyojiuma midomo wasicheke.

"Kengele?" akauliza.

"Kengele."

Akakaa karibu yangu, akanifinya mkono kwa nguvu, na hakuuachia mpaka tuliporudi kwa mama yake.

Uamuzi umeshatoka. Koku anajifungulia Kagoma. Mimi nahamia pia, mpaka mtoto aje. Mama mkwe amesema, kupitia kwa Ta Kaijage, kwamba mkwe anaye mmoja tu na hana mpango wa kumzika. Video nitahariri mchana, uani, nikitafuna kahawa asubuhi tu.

Ninapoandika haya jua ndiyo kwanza limezama, taa imezimwa kwa amri, simu iko chini ya blanketi. Nje ya dirisha kuna mtu anakohoa. Nawaombeni, mkicheka mcheke kimya kimya: mimi hapa nimelala.