Pingamizi Dhidi ya Mkuyu wa Mke Wangu

Ruhuwiko, Songea
Agosti 1994

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Maonyesho ya Bustani,

Natumaini u mzima pamoja na kamati yako. Mimi ni Kajetani, yule wa chungu cha mwisho mezani, karibu na mlango. Kwa heshima napinga mke wangu, Theodosia, kupewa zawadi ya kwanza ya miti midogo ya vyunguni, ile tuliyoiga kwenye kalenda za Wajapani. Sababu ni hizi:

1. Mimi nilianza na mbegu, kama inavyompasa mtu mwenye subira. Tangu nipunguzwe kazini sina jingine ila kuuinamia mche wangu wa mkuyu na kuukemea usirefuke. Nao umenitii mno. Mwamuzi wenu aliuliza kama ni mchicha.

2. Theodosia hakusubiri chochote. Mkuyu wake ulijiotea kwenye ufa wa tangi letu la maji, ukadumaa humo miaka mingi hadi shina likawa nene kama mkono. Yeye aliung'oa tu, akaukata kichwa, akaupanda kwenye karai lililotoboka. Huo ni mti wa mtumba, Ndugu Mwenyekiti. Najua siku hizi ni soko huria, lakini hata kwenye miti?

3. Heshima yangu nyumbani imeshuka. Mama mkwe alikuja kutoka Maposeni, na kabla sijamaliza shikamoo akaomba kuoneshwa mkuyu wa binti yake. Wangu aliutazama kwa huruma, akasema, "Baba, huu tutauona mbinguni." Theodosia hakucheka mbele yangu. Alikwenda kuchekea jikoni, na huko nilimsikia vizuri zaidi.

4. Nilipeleka shauri kwa padre. Akanijibu kwamba hata Adamu alianza akiwa mtu mzima. Sasa sijui nimlalamikie nani, ndiyo maana nakuandikia wewe. Naomba zawadi irudishwe, na mwakani kila mti uje na cheti cha ubatizo kinachoonyesha ulizaliwa mikononi mwa mwenyewe.

Wasalimie wajumbe wote, pamoja na yule mama aliyetugawia uji.

Wako katika subira,
Kajetani

N.B. Barua imechelewa kwa sababu juzi niliona mkuyu uliodumaa kwenye ukuta wa ghala bovu, shina nene kuliko la Theodosia. Nikaenda na sururu. Yeye ndiye aliyeshika mizizi isikatike wakati nachimba. Tafadhali niandikishe kwa mwakani, na habari ya cheti ifutwe.